Marekani: Futiboli ya vyuo vikuu imefupishwa, lakini matangazo ya biashara hayakuguswa

Kila jumamosi, kuanzia mwisho wa mwezi wa nane hadi mwezi wa kumi na mbili, kuna miji ya Marekani ambayo uwanja wake unapokea watu wengi kuliko wakaaji wa mji wenyewe. State College, huko Pennsylvania, ina wakaaji wapatao 40 000, na uwanja wake ulijengwa kwa watu zaidi ya 100 000. Wanakuja kutazama wanafunzi wakicheza futiboli ya Kimarekani, ule mpira wa kubebwa mikononi na kuangushana, ambao si ndugu wa kabumbu inayochezwa Goma ao Lubumbashi. Wengi wamesafiri masaa mengi kwa gari, wamelipa tiketi, wamelipa chakula. Tangu mwaka wa 2023, watu hao wananung'unika kwamba wanauziwa mechi iliyopunguzwa.

Tarehe 21 mwezi wa nne 2023, kamati ya NCAA inayosimamia sheria za mchezo ilikubali mabadiliko ya namna saa inavyohesabiwa. Katika futiboli hii timu ina majaribio 4 ya kusonga mbele yadi 10, sawa na mita 9 hivi. Ikifaulu, inapewa majaribio mengine 4. Tangu 1968, kila mara timu ya chuo kikuu ilipofaulu hivyo, saa ya mchezo ilisimama mpaka mwamuzi aweke mpira mahali pake. Ni jambo lililotofautisha mchezo wa wanafunzi na ule wa NFL, ligi ya wachezaji wa kulipwa. Sasa saa inaendelea kutembea, isipokuwa katika dakika 2 za mwisho za kila nusu. Mabadiliko mengine mawili ni madogo: kocha haruhusiwi tena kuomba mapumziko mara mbili mfululizo, na kosa likifanyika mwishoni mwa robo ya kwanza ao ya tatu, adhabu yake inahamishiwa robo inayofuata.

Waliotunga sheria walikadiria kwamba kila mechi ingepoteza majaribio 7 ao 8 kati ya 180 hivi. Mechi ya kawaida ilikuwa inakaribia masaa 3 na nusu. Baada ya mabadiliko, zilipungua dakika chache tu.

Hapo ndipo hasira ilipoanzia. Msimu ulikuwa haujamaliza hata juma mbili wakati Chip Kelly, aliyekuwa kocha wa UCLA, alipohojiwa na televizyo katikati ya mechi. Timu yake ilikuwa imepata mpira mara 4 tu katika nusu nzima. Alisema sheria hizo ni za ajabu, kisha akawatania waandishi kwamba anatumaini wanauza matangazo mengi. Maneno hayo yalizunguka inchi nzima, kwa sababu yalisema kile ambacho shabiki aliye kwenye benchi la chuma anakiona kwa macho yake. Wachezaji wako tayari na waamuzi wako tayari, lakini kuna mfanyakazi wa televizyo amesimama uwanjani, na mpaka atoke hakuna anayecheza. Kusimama huko hakukuguswa na sheria mpya. Kilichokatwa ni mchezo wenyewe.

Mfano wa besiboli unaonyesha kwamba Wamarekani hawachukii mechi fupi. Mwaka huohuo wa 2023, ligi kuu ya besiboli iliweka saa inayomlazimisha mrushaji atupe mpira ndani ya sekunde 15, ao 20 kama kuna mpinzani aliyefika kituoni. Wastani wa mechi ulishuka kutoka masaa 3 na dakika 4 hadi masaa 2 na dakika 40. Wazee wa mchezo huo walitabiri msiba. Badala yake, waliokwenda viwanjani walipita milioni 70 mwaka huo, wakati mwaka uliotangulia hawakufika milioni 65. Besiboli iliondoa muda wa mtu kujikuna na kurekebisha glovu. Hakuna aliyenyang'anywa zamu yake ya kupiga. Futiboli ya vyuo ilifanya kinyume: ilihifadhi kungoja, ikapunguza kucheza.

Tena haikuwa mara ya kwanza. Mwaka wa 2006 NCAA ilibadilisha saa kwa njia nyingine, na mechi zikapungua kutoka wastani wa masaa 3 na dakika 21 hadi masaa 3 na dakika 7. Makocha na mashabiki walipiga kelele, na msimu mmoja tu baadaye sheria ile ikafutwa. Safari hii wakuu walijifunza kukata kidogo. Pendekezo la kuacha saa itembee hata baada ya pasi iliyoanguka chini lilijadiliwa, likaachwa.

Wanaotetea sheria wana hoja isiyofaa kudharauliwa: afya ya wachezaji. Kila jaribio ni vichwa na magoti vinavyogongana. Tangu 2024 mashindano ya kutafuta bingwa yametoka timu 4 hadi 12, na Ohio State ilicheza mechi 16 kabla ya kutwaa kombe mwezi wa kwanza 2025. Kijana anayepunguziwa migongano 4 kila juma ana faida ya kweli. Ni kweli pia kwamba NCAA siyo inayoendesha mashindano hayo, bali ligi zenyewe. Lakini mzazi wa mchezaji hana haja ya kujua ni ofisi gani ilitia sahihi. Anaona majaribio yakitolewa katika mkono mmoja na mechi nzima zikiongezwa katika mkono wa pili.

Na kuna feza. Mwaka wa 2022 ligi ya Big Ten ilipatana na Fox, CBS na NBC mkataba wa miaka 7 wenye thamani ya zaidi ya dola miliardi 7. Vituo hivyo vinapanga mechi zifuatane siku nzima: moja saa sita mchana, nyingine saa tisa na nusu, nyingine usiku. Mechi ikichelewa, inakula mwanzo wa ile inayofuata. Kupunguza matangazo kungemaliza tatizo hilo pia, ila mtu angepaswa kurudisha sehemu ya dola. Mwaka wa 2024 kikaongezwa kisimamo kipya, dakika 2 kabla ya mwisho wa kila nusu. Wakuu walisema kinarahisisha hesabu ya saa. Mashabiki waliona nafasi nyingine ya kutazama magari ya kuuzwa.

Wakongomani nao wana kumbukumbu moja katika mchezo huu. Tarehe 25 mwezi wa kumi na moja 1995, Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa aliyelelewa Kanada, alikabidhiwa mpira mara 37 na timu ya Michigan dhidi ya Ohio State, iliyokuwa haijashindwa hata mechi moja. Alikimbia yadi 313, na Michigan ikashinda 31 kwa 23. Kila alipovuka zile yadi 10, saa ilisimama na mpira ukarudi kwake upesi. Hakuna anayeweza kusema saa ya leo ingemnyima mara ngapi. Lakini siku kama ile inajengwa na wingi wa nafasi, na ni nafasi hizo zilizopunguzwa.

Msimu wa kwanza wa sheria mpya, kulikuwa na daraja moja lililobaki na saa ya zamani: daraja la tatu, la vyuo vidogo visivyotoa basi ya masomo kwa ajili ya michezo, na ambavyo mechi zake hazionyeshwi mara nyingi kwenye televizyo. Huko saa iliendelea kusimama kama tangu 1968, na hakukuwa na mtu wa televizyo wa kungojewa katikati ya uwanja.