Pikapu ya Familia: Mkono au Swichi?



Mvua za masika zinapokaribia kuanza kunyesha juu ya Mlima Meru, wenye pikapu katika mji wetu wa Arusha hurudia kuulizana swali lile lile. Je, gari lililo bora ni lile ambalo dereva huingiza nguvu ya magurudumu manne kwa kuvuta mkono wa gia, au ni lile linalofanya kazi hiyo kwa swichi ya umeme? Swali hili husikika gereji, husikika sokoni, na siku hizi husikika hata sebuleni, baba na mama wanapohesabu akiba yao kwa nia ya kununua gari.

Ni haki lizungumzwe katika ukurasa huu wa familia. Katika nyumba nyingi pikapu si chombo cha anasa, bali ni jasho la miaka mingi. Ndiyo inayoteremsha kabeji, karoti na ndizi kutoka mlimani hadi soko la Kilombero, na ndiyo inayokwenda Ngarenanyuki kuchukua nyanya na vitunguu. Tena ndiyo inayobishiwa hodi usiku wa manane, mama mjamzito wa jirani anapopatwa na uchungu na hospitali iko mbali chini ya mteremko. Gari likikwama saa hiyo, hasara yake haihesabiwi kwa shilingi.

Udongo wetu nao una tabia zake. Udongo wa miteremko ya Meru umetokana na majivu ya volkano. Wakati wa kiangazi huwa vumbi jepesi lipenyalo kila mahali, na ukilowa huteleza kama sabuni. Ukishuka upande wa Kisongo na Monduli utakutana na udongo mweusi wa mfinyanzi, unaonata na kujaza meno ya mpira mpaka gurudumu likawa kama mpira wa kuchezea watoto. Basi tuyatazame magari haya mawili tukikumbuka vumbi hilo na matope hayo.

Kwanza tufahamu kazi yenyewe. Katika pikapu nyingi za magurudumu manne, ambazo madereva wetu huziita fowili, nguvu ya injini kwa kawaida huenda nyuma peke yake. Nyuma ya giaboksi kuu ipo giaboksi ndogo ya pili. Hiyo ndiyo inayoweza kuigawa nguvu iende pia kwenye magurudumu ya mbele. Alama ya H2 ni mwendo wa kawaida wa magurudumu mawili; H4 ni magurudumu manne kwa mwendo wa kawaida; L4 ni magurudumu manne kwa gia nzito, ambayo huongeza nguvu ya kuvuta kwa kadiri ya mara mbili na nusu na kupunguza mwendo kwa kadiri hiyo hiyo. Hayo yote ni sawa katika magari ya aina zote mbili. Tofauti iko katika kile kinachoisogeza gia ndani ya giaboksi hiyo ndogo.

Katika gari la mkono, kinachosogeza ni wewe. Wazee wetu wanaukumbuka utaratibu huu tangu enzi za Land Rover. Ndani ya magari yale ya zamani vilikuwamo virungu viwili: cha njano, ambacho kikibonyezwa huingiza magurudumu ya mbele, na chekundu, ambacho kikivutwa nyuma huingiza gia nzito. Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika hapa Arusha katika tamasha lake, na vijana wengi walipata nafasi ya kuviona virungu hivyo. Toyota Hilux ya magurudumu manne, iliyotoka mwaka 1979, nayo ilifuata njia hiyo ya mkono, na pikapu za Land Cruiser zinaifuata mpaka leo. Mkono umeungana kwa vyuma na uma ulio ndani ya giaboksi. Ukivuta, unasikia kwa kiganja kama gia imeingia au imegoma.

Katika gari la swichi, dereva hasukumi kitu, anaomba. Swichi hupeleka ombi kwenye kompyuta ndogo ya gari. Kompyuta hutazama mwendo wa gari, kisha hupeleka umeme kwenye mota iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi, na mota hiyo ndiyo inayosogeza gia. Kifaa kingine, ambacho mafundi hukiita sensa, hurudisha habari kwamba kazi imekwisha, na taa iliyokuwa ikimetameta kwenye dashibodi hutulia. Ford Ranger ya mwaka 2011 ilikuja na swichi ya kuzungusha, na Hilux za kizazi kilichoanza mwaka 2015 nazo kwa kawaida zimeuacha mkono na kushika njia hiyo.

Wapo wasemao kwamba swichi ni ya watu wavivu. Maneno hayo hayana haki. Kompyuta ya gari hukataa kuingiza gia nzito gari likiwa mbioni, na kwa kukataa huko imeokoa giaboksi nyingi zisivunjwe na madereva wenye pupa. Kwa familia ambayo gari lake huendeshwa na baba, mama na kijana aliyepata leseni juzi, ulinzi huo si mdogo.

Lakini swichi inategemea mambo mengi yasiyoonekana. Betri ikiwa dhaifu, fyuzi ikiungua, plagi ya waya ikiingia maji au vumbi, ombi lako halifiki. Mota iliyokaa mwaka mzima bila kazi huweza kuganda, na mara nyingi hubidi kununuliwa nzima. Fundi wa kuishughulikia anahitaji chombo cha kusoma kompyuta ya gari. Mjini atapatikana, kule juu Olkokola, saa nane ya usiku, hapatikani.

Wapo pia wasemao kwamba mkono hauharibiki kamwe. Hao nao wamepita mpaka. Vibushi vya mkono huchakaa, vyuma vyake hushika kutu, na gia ikaanza kuchomoka yenyewe. Aidha, pikapu nyingi za mkono zina habu za kufunga kwa mkono kwenye magurudumu ya mbele. Dereva akivuta H4 huku habu zimeachwa wazi, shafti ya mbele itazunguka bure na magurudumu ya mbele hayatapata nguvu yoyote. Ni wengi waliolitukana gari lao matopeni kumbe walisahau kushuka na kuzungusha habu mbili.

Tena mkono una hatari moja ambayo kila mzazi aijue. Kati ya H4 na L4 ipo nafasi iliyoandikwa N. Mkono ukiwa hapo, injini na magurudumu havishikani kabisa. Gari lililoegeshwa mteremkoni likiwa katika gia litateremka lenyewe kama breki ya mkono haikukazwa. Mtoto anayechezea gia akiwa peke yake ndani ya gari anaweza kuleta msiba. Kaza breki, weka jiwe au gogo nyuma ya gurudumu, na usimwache mtoto garini.

Sasa, ndugu msomaji, ukikusanya hoja hizi zote utaona kwamba pikapu nyingi zinazokwama haziangushwi na mkono wala swichi. Zinaangushwa na mambo mawili: kuchelewa na kutotumika. Dereva huyapiga matope kwa H2, magurudumu ya nyuma yakaanza kuchimba kaburi lake, ndipo anapokumbuka H4. Gia haipendi kuingizwa wakati magurudumu yanazunguka ovyo, iwe kwa mkono au kwa swichi. Tahadhari kabla ya hatari: simama au punguza mwendo kabla ya kuingia matopeni, ingiza H4 magurudumu yakiwa yamenyooka, na hakikisha taa imetulia. Kama mbele yako pana mpando mkali au mteremko wa utelezi, simama kabisa, toa gari katika gia au kanyaga klachi, uingize L4. Wakati wa kuteremka, acha injini ilishike gari badala ya kukanyaga breki kwa nguvu.

Kuhusu kutotumika, vitabu vya magari ya Toyota huagiza kwamba gari liendeshwe kwa magurudumu manne walau kilomita 16 kila mwezi, ili mafuta yafike kwenye vyuma vya mbele. Fanya hivyo kwenye barabara ya udongo au changarawe, wala usifanye kwenye lami kavu. Katika kona, magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaendi umbali ulio sawa. Lami haiyaachi yateleze, na mkazo wote huishia katika giaboksi na shafti. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa giaboksi ni wa gharama kubwa.

Anayekwenda kununua pikapu iliyotumika naye asione haya kuichunguza, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lala chini ya gari, utazame kama giaboksi ndogo inavuja mafuta na kama waya zimeungwaungwa. Washa swichi ya ufunguo na utazame taa ya magurudumu manne. Ikiwa haiwaki kabisa, huenda kuna mtu ameitoa ili kuficha ubovu. Kisha mwombe muuzaji mwende barabara ya udongo, mwingize H4, halafu L4, na mrudi H2. Asiyekubali safari hiyo fupi amekwisha kukujibu.

Na uchaguzi je? Kama gari lako litalala mlimani, fundi wa jirani ni yule mwenye spana na nyundo, na dereva ni mmoja anayelijua, basi mkono utakufaa zaidi, kwa sababu ubovu wake huonekana na hutengenezeka. Kama gari litalala mjini karibu na fundi mwenye chombo cha kupimia, na litaendeshwa na watu kadhaa, usiiogope swichi. Ila lichunge betri lake, na usielekeze maji ya nguvu kwenye plagi za waya unapoliosha.

Lolote utakalolichagua, kabla ya masika kuanza mfundishe kila mwenye kulishika usukani namna ya kuingiza magurudumu manne na namna ya kuyatoa. Mfundishe mama wa nyumbani, mfundishe kijana, mfundishe na utingo. Hodi ya usiku wa manane haichagui ni nani aliyelala nyumbani siku hiyo.