Hadithi za Ufipa Ziko Oxford

Kitabu kinachoeleza kwa kina jinsi ufalme wa Milansi ulivyoanza, na jinsi ukoo wa Twa ulivyokuja kuwapokonya wenyeji madaraka, sijakiona Kipili. Namanyere sijakiona, Sumbawanga sijakiona. Kilichapishwa mwaka 1981 na Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Miaka mitatu kabla yake, hadithi walizosimulia wazee wa Kifipa zilikuwa zimeshatoka Oxford. Vitabu vyote viwili ni vya Roy Willis, na vyote viwili ni vya Kiingereza.

Sina ugomvi na Willis. Alikuja Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, akajifunza lugha, akakaa chini akasikiliza. Ugomvi wangu ni na Mlimani.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shirika lake la uchapishaji, Dar es Salaam University Press, lililoanzishwa mwaka 1979. Limewahi kufanya kazi ya kuheshimika. Mwaka 1988 lilitoa *Karibu Ndani* ya Kezilahabi, mashairi huru ambayo mfanyabiashara anayejali mfuko wake angeyakimbia. Mwaka 1991 likatoa *Mzingile*, riwaya ngumu kuliko hayo mashairi. Hiyo ndiyo kazi ya mchapishaji wa chuo: kuchapa kile ambacho soko bado halijakitaka.

Sasa iweje Ufipa isubiri Indiana?

Jibu ninalolisikia kila mara ni kwamba Watanzania hawasomi. Nalikataa. Sabuni, betri na soda zinafika Kipili. Zinapanda hadi Sumbawanga, zinapita Namanyere, zinateremka mpaka ziwani. Hakuna aliyesubiri utafiti kwanza kujua kama wavuvi wanakunywa soda. Kitabu hakiletwi, halafu msomaji analaumiwa kwa kutokisoma.

Jibu la pili ni fedha, na hili lina uzito. Kitabu cha kitaaluma cha nakala chache ni hasara, hata kwa matajiri. Lakini Oxford inauza kamusi na vitabu vya shule dunia nzima, ndiyo maana inamudu vile visivyouzika. Nasi tulikuwa na kamusi! *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ya 1981 ilikuwa jasho la watafiti wetu wa TUKI, na mchapishaji wake akawa Oxford. Mwaka 2001 TUKI walichapa wenyewe *Kamusi ya Kiswahili-Kiingereza*. Kwa hiyo uwezo upo. Kamusi ingeweza kuilisha historia.

Ninachotaka si kikubwa. Mlimani waombe haki ya kutafsiri vitabu vile viwili, wavichape kwa Kiswahili, kwa karatasi ya bei nafuu, na kila sekondari ya Nkasi ipate nakala. Wakishindwa viwili, waanze na hadithi. Wazee walizisimulia bure. Mjukuu wao akizitaka leo, sharti awe na dola na Kiingereza cha chuo.

Mabaki ya matanuru ya kuyeyushia chuma bado yapo juu ya uwanda wa Ufipa. Mtoto wa Kipili akiyaona akamuuliza mwalimu nani aliyajenga, mwalimu atamfungulia kitabu gani?