Kazi ya Mikono Miwili

Mwezi huu tulikusudia kuendelea na maneno yetu juu ya mahari, lakini limetokea jambo hapa kwetu Mukendo, katika mji wa Musoma, ambalo limetushughulisha sana, na sisi wenyewe tuna kosa ndani yake.

Binti mmoja aliyesoma madrasa yetu tangu utotoni, ambaye mkono wake wa kushoto ulikatwa baada ya kunaswa na mkanda wa mashine ya kusaga, alikwenda kuomba kazi ya kupiga chapa katika duka moja la steshenari. Mwenye duka alimtazama, akamwambia kuwa kazi ile ni ya mikono miwili. Baba yake akatujia kutaka shauri. Nasi, bila ya kuuliza wala kuchungua, tukamwambia amfungulie mwanawe genge la mboga, habari ya kompyuta aiache. Baba akashukuru, akaenda zake. Binti hakusema neno, na kimya kile tulikidhania kuwa ni kuridhika.

Siku chache baadaye tulimsimulia kijana mmoja atengenezaye kompyuta. Hakutujibu. Alitukalisha mbele ya kompyuta yake yenye Windows, akatutaka tubonyeze kitufe cha Shift mara tano mfululizo. Likatokea swali kwenye kioo, akatuambia tukubali. Kisha akasema, “Sasa, Mwalimu, weka mkono mmoja mfukoni.”

Asiyepata kupiga chapa hataona ajabu yake, basi tueleze. Kwa desturi, mtu atakaye herufi kubwa hushikilia Shift kwa kidole kimoja, na kwa kidole kingine hubonyeza herufi wakati uo huo. Mwenye mkono mmoja aweza kulifanya hilo kwa kutanua vidole, ila kwa taabu na kwa kuchelewa. Na ziko amri zitakazo vitufe vitatu pamoja, mathalan Ctrl, Alt na Delete, navyo viwili vya kwanza aghalabu huwa chini na cha tatu juu pembeni. Lakini mpango ule ukiisha kuwashwa, vitufe hivi hunata: wabonyeza Shift, wauachilia, kisha wabonyeza herufi kwa nafasi yako, nayo hutoka kubwa. Hakuna cha kununua. Mpango huo umo ndani ya kompyuta yenyewe.

Umo na mwingine kwa yule ambaye mikono yake hutetemeka, ambao huifanya mashine isijali mguso wa bahati mbaya wala isirudie herufi moja mara kumi kwa sababu kidole kimekawia. Na asiyeweza kukishika kipanya aweza kukiendesha kishale kwa vitufe vya tarakimu vilivyo upande wa kulia. Twawaomba wenye maduka ya steshenari walijaribu jambo hili usiku wakiisha funga milango, kabla ya kumrudisha mtu mwingine. Tena wajue kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yakataza kumbagua mtu katika kazi kwa sababu ya ulemavu wake.

Kijana yule alitutajia na programu iitwayo NVDA, iliyoanzwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, kisha akaungana naye James Teh, wote wawili wasioona. Hutolewa bure, nayo humsomea mtu kwa sauti yaliyo kwenye kioo, naye huzunguka kila mahali kwa vitufe tu, bila ya kipanya. Husema hata Kiswahili, ingawa kwa matamshi ambayo bibi zetu wangeyacheka.

Wala tusidhani kwamba mashine za chapa zilibuniwa kwa ajili ya wazima, kisha wengine wakahurumiwa. Miongoni mwa zile za mwanzo kabisa ni ile aliyoitengeneza Pellegrino Turri wa Italia mwanzoni mwa karne ya 19, apate kuandikiwa barua na Carolina Fantoni, mwanamke asiyeona. Mashine yenyewe imepotea. Barua zake zipo hata leo.

Na hapa hapa Musoma, Shule ya Msingi Mwisenge, ile aliyoingia Mwalimu Nyerere mwaka 1934, imekuwa ikiwasomesha watoto wasioona. Wasioona huandika kwa nukta nundu, maandishi aliyoyabuni Louis Braille wa Ufaransa akiwa bado kijana. Mashine ya kuyaandikia iliyoenea sana duniani ni ya Perkins, iliyoanza kutolewa Marekani mwaka 1951. Ina vitufe sita tu vya herufi, na cha saba cha nafasi. Hapa mambo yamegeuka: vitufe hubonyezwa kwa pamoja, na kila mkusanyo ni herufi moja.

Jambo hili limetugusa sisi walimu wa madrasa. Miaka yote mtoto asiyeona akija kwetu humhifadhisha kwa masikio tu, na wenzake wakifungua juzuu yeye huketi pembeni akingoja. Twamsoma Ibn Umm Maktum, sahaba asiyeona ambaye habari yake imo mwanzoni mwa Sura ya Abasa, aliyeadhini Madina na kuachiwa mji huo Mtume (s.a.w.) alipotoka; lakini mtoto aliye mbele yetu hatukumwuliza hata mara moja kama ataka kusoma mwenyewe. Misahafu ya nukta nundu ipo. Huanzia kushoto kwenda kulia, jambo lililotushangaza, na herufi zake nyingi ni zile zile azijuazo mtoto kwa Kiswahili: ba ni nukta za b, mim ni za m, lam ni za l.

Kwa baba wa binti tumekwisha kwenda, tukamtaka radhi yeye na mwanawe. Binti hufanya mazoezi kila siku baada ya Alasiri kwa kijana yule; mwenye duka ameahidi kumtazama akipiga chapa, siku hajaitaja. Nasi, kwa umri wetu huu, tumeanza kujifunza zile nukta sita kwa ncha za vidole. Mpaka leo tumefika herufi ya kaf.