Maulidi Hayakatiwi Tiketi

Ewe msomaji, utawasikia watu wasemao kwamba Maulidi ya Lamu yangefaa zaidi kama yangetengenezwa kwa ajili ya wageni: yawekewe tarehe moja katika msimu wa watalii, vipangwe viti, na atakaye kutazama akate tiketi. Mji wenyewe, wasema, umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001. Basi dunia na ilipie.

Wewe uliye Shanzu huna haja ya kwenda mbali kuyapima maneno hayo. Yatazame mahoteli yaliyo ufukoni mwako. Ngoma zilizochezwa harusini na jandoni huchezwa huko usiku kando ya bwawa la kuogelea, mgeni akila. Na mchezaji, akisha kuvua njuga, hutokea mlango wa nyuma. Simlaumu, ana watoto wa kulisha. Lakini ni nani kati ya watazamaji wale amwombeaye bibi harusi heri?

Sasa yaangalie ya Lamu. Habib Swaleh, aliyetoka Ngazija katika karne ya 19, aliwafundisha dini watumwa na wanyonge ambao waungwana wa mji hawakupenda kukaa nao, akawaachia wapige matari katika maulidi. Wakubwa wengi walichukia, yeye hakuacha. Alifariki katika miaka ya 1930, na hata leo Msikiti wa Riyadha aliouasisi ndio kitovu cha sherehe. Kila Mfungo Sita watu humiminika, hulizuru kaburi lake, kisha zefe hupita ukingoni mwa bahari kwa matari na kasida. Hamali na mwenye jahazi huwa safu moja, na asimamaye barazani naye huitikia.

Mgeni na aje, anywe kahawa, ayashangilie mashindano ya punda. Lakini siku hupangwa na mwezi mwandamo, ambao kila mwaka hutangulia kalenda ya Kizungu kwa siku 11 hivi, wala haujui msimu wa mahoteli. Ukiifunga tarehe kwa ajili ya watalii, umemnyang'anya Mtume siku yake ukampa mwenye hoteli.

Wataniambia kuwa Lamu ni maskini, na fedha ni fedha. Kweli, nyumba za wageni hujaa siku zile, nami nafurahi. Lakini kata tiketi, funga kamba, na wa kwanza kubaki nje atakuwa mnyonge yule yule ambaye Habib Swaleh alimfungulia mlango.