Mtoto Safarini Amhitaji Mzazi

Zipo familia za Kinondoni na Temeke zinazosafiri na watoto kwenda kwa jamaa ughaibuni. Kutoka Dar es Salaam hadi Doha pekee ni takribani saa 6 angani, kabla ya kuunganisha ndege ya Ulaya au Marekani. Wengi wetu humkabidhi mtoto simu ili anyamaze. Hatuilaani simu, lakini nyumbani foleni na kazi hutunyima muda wa kukaa na watoto, na huku angani hatuna pa kukimbilia. Basi tutege vitendawili, tuwasimulie habari za bibi wanayemwendea. Ndege ikishuka mtoto akalia, masikio yamuuma: tumpe maji ameze, na jirani amvumilie.