Mkaguzi wa nyuklia lazima awe na uwezo wa kusema "funga"

Mnamo Mei 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri ya kuifanyia mageuzi Tume ya Kudhibiti Nyuklia ya nchi hiyo. Amri hiyo inaitaka tume iamue maombi ya kujenga na kuendesha vinu vipya katika muda usiozidi miezi 18. Mwezi uliofuata, mmoja wa makamishna wake, Christopher Hanson, alifutwa kazi. Wanaoyaunga mkono mabadiliko haya wanadai kwamba tume imekuwa kizingiti na kwamba ukaguzi wake mrefu unaichelewesha nchi kupata umeme inaouhitaji. Wanaoyapinga wanajibu kwamba mdhibiti anayefanya kazi akiitazama saa, huku akihofia kalamu ya aliyemteua, hawezi kumwambia mwenye kinu neno asilotaka kulisikia.

Huenda msomaji akauliza: mzozo huu wa Washington unatuhusu nini sisi? Unatuhusu sana. Sheria ya Kudhibiti Nyuklia ya mwaka wa 2019 iliunda Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia ya Kenya, nayo Sheria ya Kawi ya mwaka huo huo ikaunda wakala wa kuiendeleza kawi hiyo. Uyombo, katika Kaunti ya Kilifi, palitajwa kuwa mahali pa kujengwa kinu cha kwanza, na wakazi wakaandamana mwaka wa 2024 kupinga mpango huo. Baadaye macho yakaelekezwa Siaya, ufuoni mwa Ziwa Victoria. Serikali imeutaja mwaka wa 2034 kuwa ndio wa kuanza kuzalisha umeme. Mjadala wetu umezunguka mambo mawili, yaani bei ya umeme na mahali pa kujenga. Suala la tatu, la nani atakayekikagua kinu na kwa nguvu zipi, hutajwa kwa haraka na kupitwa. Nia yangu leo ni kuonyesha, kwa kisa kimoja cha kweli, kwamba suala hilo ndilo lingetangulia.

Kisa chenyewe ni cha kinu cha Davis-Besse, kilicho kando ya Ziwa Erie katika jimbo la Ohio, Marekani. Katika kinu cha aina hiyo, fueli ya urani hukaa ndani ya chungu kikubwa cha feleji kilichojaa maji yenye shinikizo linalokaribia mara 150 ya shinikizo la hewa tunayoivuta. Kifuniko cha chungu hicho kina unene wa sentimita 16 hivi. Kimetobolewa ili kupitisha mabomba ambamo hushuka na kupanda fito za kudhibiti mpasuko wa atomu. Maji yaliyomo huchanganywa na asidi ya boriki. Bomba likipata ufa, maji huvuja na kukauka, asidi husalia juu ya kifuniko, nayo huila feleji kama mchwa alavyo nguzo ya nyumba.

Nyufa za namna hiyo zilipogunduliwa katika kinu kingine huko South Carolina, tume iliwaandikia wenye vinu mnamo Agosti 2001. Wale ambao vinu vyao vilionekana kuwa hatarini zaidi walitakiwa wavikague kufikia Desemba 31 mwaka huo. Kampuni iliyoendesha Davis-Besse iliomba iachwe hadi mwisho wa Machi 2002, wakati ambapo kinu kingezimwa hata hivyo ili kiongezwe fueli. Maafisa wa tume walikuwa tayari wameandika rasimu ya amri ya kukifunga. Amri hiyo haikutolewa. Pande mbili zilipatana, na kinu kikaendelea kufanya kazi hadi Februari 16, 2002.

Mwezi wa Machi mafundi walikuwa wakilikarabati mojawapo ya mabomba hayo walipoona kwamba limeinama. Liliinama kwa kuwa feleji iliyolishikilia haikuwapo tena. Palikuwa na shimo ambalo lingeweza kumeza nanasi, na asidi ilikuwa imekula unene wote wa feleji. Kilichobaki kuyazuia maji ya kinu ni bitana ya chuma kisichoshika kutu, yenye unene usiofika sentimita moja, ambayo nayo ilikuwa imeanza kubenuka.

Jambo la kutisha zaidi ni kwamba dalili zilikuwapo. Picha iliyopigwa na wafanyakazi mwaka wa 2000 ilionyesha kutu nyekundu ikichuruzika kutoka kifunikoni. Vichujio vya kupimia hewa ndani ya jengo vilikuwa vikiziba kwa chembe za kutu na kubadilishwa mara kwa mara. Katika karatasi zilizofika kwa tume, hata hivyo, mambo yalisomeka kuwa shwari. Mkaguzi mkuu wa ndani wa tume alieleza mnamo Desemba 2002 kwamba uamuzi wa kuiongezea kampuni muda ulichochewa kwa kiasi kikubwa na nia ya kuipunguzia hasara ya fedha. Mwaka wa 2006 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 28, ikikiri kwamba serikali ingeweza kuthibitisha kuwa wafanyakazi wake waliwapa wadhibiti taarifa zisizo za kweli.

Hapo msomaji angedhani kwamba kinu hicho kilikuwa kimepata funzo. La hasha. Mnamo Januari 25, 2003, kikiwa bado kimezimwa kwa sababu ya shimo lile lile, kiliingiliwa na kirusi cha kompyuta kilichoitwa Slammer, ambacho siku hiyo kilienea duniani kote kwa dakika chache. Kampuni ilikuwa na lango la ulinzi lililochuja kila kitu kilichotoka nje ya mtandao wake. Lakini kirusi hakikupita langoni. Kilipitia waya wa mwanakandarasi, uliounganishwa na mtandao wa kampuni kwa njia iliyolikwepa lango hilo. Kutoka huko kikafika kwenye mtandao wa kinu na kuukaba kwa msongamano. Skrini zinazowaonyesha waendeshaji hali ya usalama wa kinu zilizimika kwa muda wa saa nne na dakika 50. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba upenyo huo miezi sita kabla. Wahandisi wa kinu hawakuwa wamekiweka.

Haki inatulazimisha kusema kwamba hakuna aliyedhurika siku hiyo, kwani kinu hakikuwa kikifanya kazi na vipimo vya zamani visivyotegemea kompyuta havikuguswa. Lakini tuyaweke matukio hayo mawili pamoja. La kwanza lilihusu kutu, la pili lilihusu kompyuta, na baina yake haikupita hata miezi 11. Katika yote mawili, kile kilichoandikwa kilitofautiana na kile kilichokuwapo. Kwenye karatasi kifuniko kilikuwa kizima, na kwenye karatasi mtandao ulikuwa na lango moja tu. Hakuna aliyepanda kutazama, wala aliyeufuata waya hadi mwisho wake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na huko Ohio kilikuwa nguoni kweli kweli.

Hapa naomba ruhusa nizungumze kama mwanaisimu. Kiingereza kina neno moja la kujikinga na ajali na neno jingine la kujikinga na adui. Kwa hiyo katika vinu vingi kukawa na idara mbili: wahandisi wa kutazama mabomba, na walinzi wa kutazama ua. Kiswahili kina neno moja tu, usalama. Wengine huuona huo kuwa upungufu wa lugha yetu. Mimi nauona kuwa onyo la hekima. Kompyuta imeuvunja ule mpaka wa idara mbili. Kirusi kilichotumwa na adui na programu iliyokosewa na fundi mwaminifu vinaweza kuleta madhara yale yale. Mnamo Machi 2008, kinu cha Hatch huko Georgia, Marekani, kilijizima kwa siku mbili baada ya mhandisi kuweka programu mpya katika kompyuta moja ya mtandao wa ofisi. Hapakuwa na adui yeyote. Mwaka uliofuata tume ikatoa kanuni ya kuwalazimu wenye vinu kuzikinga kompyuta zao, na wakaguzi wakapewa kazi ya kuhakikisha hilo.

Kuna somo jingine la lugha. Kila mwanafunzi wa sarufi anaijua kauli ya kutendwa. "Kifuniko kimekaguliwa." Sentensi hii ni sanifu, lakini haituelezi aliyekagua ni nani, alikagua lini, kwa chombo gani, wala ni sehemu gani hakuweza kuifikia. Taarifa za usalama zimejaa sentensi za namna hii. Chukua mfano wa kinu cha Kudankulam nchini India. Mnamo Oktoba 29, 2019, wasimamizi wake walitangaza kwamba mitambo ya kukiendesha haikuunganishwa na intaneti na kwamba haingewezekana kuishambulia kwa njia ya mtandao. Siku iliyofuata, shirika linalokimiliki likakiri kwamba programu haribifu ilikuwa imepatikana katika kompyuta moja ya mtandao wa utawala, na kwamba lilikuwa limearifiwa mapema Septemba. Tangazo la kwanza lilijibu swali ambalo umma haukuuliza. Umma ulitaka kujua iwapo adui ameingia. Ukajibiwa kwamba hajafika chumba cha ndani. Mkaguzi mzuri ni yule anayezikataa sentensi kama hizo na kudai mtendaji, tarehe na mahali.

Walimu wataelewa ninachosema. Nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi mashambani, tulijulishwa juma zima kabla ya mkaguzi kufika. Kuta zilipakwa chokaa, maazimio ya kazi yakaandikwa usiku kwa mwanga wa kandili, na madawati yakaazimwa shule jirani. Mkaguzi alifika, akasoma vitabu, akanywa chai, akatia saini. Siku ya pili tukayarudisha madawati kwa miguu, nasi tukaketi sakafuni kama kawaida. Katika ripoti yake shule ilikuwa na madawati. Shuleni ukaguzi wa namna hiyo hutuharibia kizazi cha wanafunzi polepole. Katika kinu cha nyuklia huweza kuharibu wilaya nzima kwa siku moja.

Japani ililijua hilo kwa uchungu. Kabla ya ajali ya Fukushima ya Machi 11, 2011, shirika la kukagua vinu lilikuwa chini ya wizara ile ile iliyokuwa na jukumu la kukuza matumizi ya nyuklia. Ilikuwa kesi ya nyani kupelekewa ngedere. Tume ya uchunguzi ya bunge, iliyoongozwa na Kiyoshi Kurokawa, ilitamka mwaka wa 2012 kwamba janga hilo lilisababishwa na binadamu, na kwamba wadhibiti na kampuni walikuwa wameshikana mikono. Septemba mwaka huo Japani ikaunda chombo kipya kilichotengwa na wizara hiyo.

Wapo watakaosema kwamba mdhibiti mkali huongeza gharama, na kwamba nchi maskini haina muda wa kupoteza. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini tuitazame Davis-Besse tena. Majuma sita yaliyotolewa kama hisani hayakulitoboa lile shimo, kwa kuwa lilikuwa limechimbika kwa miaka. Yaliwaacha tu watu wa Ohio wakiishi jirani na bitana ile nyembamba kwa muda zaidi. Gharama halisi ilitokana na miaka ya kuziamini karatasi. Kinu kilifungwa kwa miaka miwili, nayo kampuni ikapoteza takriban dola milioni 600. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo, kabla hata ya kuuliza iwapo kinu kitajengwa Kilifi au Siaya, Wakenya wana haki ya kupewa majibu ya maswali machache. Je, wakuu wa mamlaka yetu ya udhibiti wanalindwa vipi wasifutwe kazi kwa kusema ukweli? Je, mkaguzi ataishi karibu na kinu, akiwa na ufunguo wa kila mlango na ruhusa ya kuingia bila kupiga hodi? Marekani huweka wakaguzi wa kudumu katika kila kinu, na huwahamisha kabla hawajapita miaka saba ili wasizoeane mno na wenyeji. Je, atakuwapo mtaalamu wa kompyuta atakayeufuata kila waya wa kila mwanakandarasi? Mashambulizi yaliyolemaza huduma za eCitizen mnamo Julai 2023 yalitufundisha kwamba wadukuzi hawaihitaji viza ili waingie Kenya.

Tena, ripoti za ukaguzi zitachapishwa kwa lugha gani? Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mvuvi wa Uyombo au wa Bondo asiyeweza kuisoma ripoti ya kinu kilicho jirani yake hajapewa haki hiyo.

Mimi si mpinzani wa nyuklia, wala si mshabiki wake. Ninachodai ni kwamba mkaguzi atangulie na kinu kifuate. Rasimu ile ya kufunga Davis-Besse iliandikwa na watu waliojua kazi yao, ikaishia mezani. Siku mkaguzi wa Kenya atakapoandika amri kama hiyo dhidi ya mradi uliozinduliwa na rais mwenyewe kwa ngoma na vifijo, ni nani atakayeitia saini? Jibu la swali hilo litafutwe sasa, wakati mahali pa kinu pangali shamba na pwani tupu.