ACHA KUMWAMBIA DADA YAKO ATUPE DAWA



Leo nasema na wewe unayemwendea dada aliyewekewa kiinitete na kumwambia, "Kama una imani kweli, tupa hizo homoni." Nisikize vizuri.

Unajua hizo dawa zinafanya kazi gani? Kiinitete kilichogandishwa kikirudishwa, lazima kikute tumbo la uzazi liko tayari. Kwa hivyo dada anameza estrojeni kwa wiki mbili hivi, ukuta wa ndani unenepe. Daktari anapima kwa ultrasaundi. Wengi hutaka ufike kama milimita 7. Kisha anaanzishiwa projesteroni, na kiinitete cha siku 5 hurudishwa baada ya siku 5 hivi za dawa hiyo.

Sasa shika hapa. Kwa kawaida, yai likishatoka kwenye ovari, kifuko kinachobaki ndicho hutengeneza projesteroni ya kulinda mimba. Kwa matibabu haya, mara nyingi yai halitoki mwezi huo, kwa hivyo kifuko hicho hakipo. Mimba inashikiliwa na ile dawa, mpaka kondo la nyuma liweze kazi yenyewe. Ndiyo maana madaktari wengi humwacha aendelee nayo hadi wiki ya 10 au 12. Ukimwambia aache wiki ya 6, hujamwongezea imani. Umeng'oa nguzo na nyumba bado inajengwa.

Na mimba ikitoka, wewe utakuwa kwenye kesha lingine ukitabiria wengine. Yeye atabaki na mkopo wa sacco, macho ya mama mkwe na kitanda kimya. Halafu useme imani yake ilikuwa ndogo? Hapana!

Soma 2 Wafalme 20. Mungu alikuwa ameshamwahidi Hezekia uponyaji, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe kwenye jipu. Ahadi na dawa zilikaa chumba kimoja, na nabii hakuona aibu.

Soma pia 1 Samweli 1. Eli alikuwa kuhani, lakini alimwona Hana akilia mbele za Bwana akadhani amelewa. Hata mtu wa madhabahu anaweza kumkosea mwanamke anayelilia mtoto. Tuogope hilo, wachungaji wenzangu.

Dada yangu, kama dhamiri yako ina maswali kuhusu njia hii, njoo tuongee kabla kiinitete hakijarudishwa. Kikisharudishwa, usiache dawa hata siku moja mpaka daktari wako aseme. Homoni si hakikisho. Wakati mwingine kila kitu hufanywa sawa na bado inakataa. Hiyo si dhambi yako, na Mungu hajakuacha.

Weka alamu ya dawa. Weka na alamu ya maombi. Zote zilie.

Kama unaamini, andika AMINA. Kisha mtumie dada mmoja anayemeza dawa zake kwa siri kwa kuwaogopa watu wa kanisa.